Mstari wa Tatu wa Fomu

Watu wengi wakianza kusahau husema wamechoka. Mama Saa hakusema amechoka. Alichukua daftari jipya, akalipiga mistari kwa rula, akaandika juu: tarehe, saa, kosa, maelezo. Ndivyo alivyokuwa, na kama ungetaka kumbadilisha, ungekuwa umechelewa kwa miaka sitini na minane.

Kosa la kwanza aliloliandika lilikuwa la mkate. Asubuhi moja alitoka getini na kikapu chake, akasimama, asijue duka la mikate liko kulia au kushoto. Duka ambalo ameliendea miaka ishirini na mbili! Akajifanya anamsubiri mtu, maana hakutaka majirani wamwone ameduwaa, mpaka akapita bwana mmoja amekumbatia mkate, ndipo akajua upande. Aliporudi aliandika: "Dakika nne. Sikujua njia." Kosa la pili, miwani yake aliikuta ndani ya kopo la sukari. La tatu hakuliandika siku ileile kwa sababu lilimtia aibu. Alikuwa amepiga simu ofisini kwake kuuliza kama watoto wa saa tatu wamekwisha fika, na ofisi hiyo alistaafu miaka minane iliyopita. Mlinzi aliyepokea alimwambia, "Mama, umekosea namba." Akamshukuru kwa adabu, akakata, akakaa kitako sakafuni, akalia. Lo, alilia yule mama! Kesho yake akajikaza, akaliandika.

Kabla ya kustaafu alikuwa mpimaji. Usije ukafikiri alipima vitambaa au viwanja. Alipima akili, tena za watoto, kwa miaka thelathini na mmoja, katika chumba chenye meza fupi, viti viwili vifupi, na dirisha lililopakwa rangi nyeupe nusu ya kioo ili mtoto asichungulie nje. Walimu walileta watoto waliosemwa kuwa wazito na watoto waliosemwa kuwa wepesi mno. Mama Saa alikuwa na sanduku moja. Ndani yake mlikuwa na vitofali tisa vya mbao, pande nyingine nyekundu na nyingine nyeupe, na kadi za kuonyesha vipangwe vipi. Picha zilizokosa kitu kimoja, mtoto aseme kilichokosekana. Orodha za maneno, na mistari ya tarakimu za kurudia, mbele na nyuma. Shingoni alivaa saa ya kubonyeza iliyofungwa kamba. Watoto ndio waliompa jina, na jina likamganda.

Pale ofisini hawakuwahi kukubaliana kitu wanachokipima ni nini hasa. Mkuu wa ofisi alisema akili ni moja tu, ni maji ya tangi, na namba iliyo chini ya fomu ni kina chake. Mwenye kidogo anacho kidogo, basi. Mtakwimu wa chumba cha pili akimsikia alikuwa anapandwa na mori. Yeye alisema akili ni nyingi, ya hesabu mbali, ya maneno mbali, ya kusoma nyuso za watu mbali, na kuzijumlisha zote kuwa namba moja ni sawa na kujumlisha urefu wa mtu na uzito wa mbuzi wake. Walibishana mpaka chai inapoa. Wakimgeukia Mama Saa aamue, alijibu, "Mimi napima tu."

Lakini alikuwa na imani yake, nayo ilikuwa hii: sanduku lile linafanya kazi mara moja tu kwa mtu. Siku ya kwanza mtoto anapokiona kitofali asijue akiweke wapi, ndipo unapoiona akili yake ikihangaika, ikijaribu, ikikosea, ikirudi. Akishaliona sanduku, kesho hutaona akili tena, utaona kumbukumbu. Ndiyo maana liliwekwa kwenye kabati la kufuli. Ndiyo maana kila fomu ilikuwa na mstari wa tatu, chini ya jina na tarehe ya kuzaliwa: Je, mpimwa amewahi kuona kipimo hiki? Ndiyo. Hapana.

Na kulikuwa na sharti jingine, la uso. Mpimaji haonyeshi. Mtoto akipata, akikosa, akitoa jibu la kukuvunja mbavu, uso wako unabaki uleule, nawe unasema, "Sawa, tuendelee." Watoto wanasaka majibu usoni kwako, na ukiwapa tabasamu moja umeharibu kipimo. Mama Saa aliujua uso huo kuliko wapimaji wote. Taabu ni kwamba hakuuacha ofisini. Marehemu mume wake, Mungu amrehemu, alimwambia siku moja wakiwa mezani, "Mke wangu, ukiniambia tena 'sawa, tuendelee', nitavunja sahani." Mama Saa akamtazama, akafikiri, akasema, "Sawa." Mume akacheka mpaka akapaliwa. Lakini bwana huyo amefariki miaka kumi na mmoja sasa, na nyumbani hakuna wa kutishia sahani.

Amebaki bintiye mmoja, mhandisi wa maji, anayeishi na mume na watoto wake wawili katika mji ulio mbali, safari ya basi ya kutwa nzima. Binti hupiga simu kila Jumapili saa kumi jioni. Mama Saa, kabla ya simu, huandika kwenye karatasi majina ya wajukuu, nani ana mtihani, nani aliumwa jino. Kwa hiyo simu huenda vizuri mno. Wewe ungemsikiliza ungesema huyu mama ana kichwa kuliko sisi sote.

Jumapili moja aliiweka karatasi pembeni, akasema, "Mwanangu, akili yangu inaondoka."

"Nani amekwambia?"

"Nimeona mwenyewe. Nimeandika." Akamsomea daftari, la mkate, la miwani, na lile la ofisini.

Upande wa pili watoto walikuwa wakipigania kitu. "Mama, hata mimi jana nimetafuta funguo na ziko mkononi," binti akasema. "Uko peke yako sana, ndiyo shida. Ungekuwa umezeeka akili usingekumbuka hata tarehe ulizosahau."

"Nakumbuka kwa sababu naandika."

"Haya, tufanye hivi. Nenda hospitali kubwa ukapimwe. Karatasi ikisema kuna tatizo, nakuja wiki hiyohiyo nakuchukua, unakaa kwangu, chumba kipo. Ikisema huna tatizo, uache kujitisha. Sawa?"

Mama Saa angemlaumu vipi? Mtoto huyo alilelewa kwa karatasi. Kila alipouliza swali nyumbani aliambiwa, karatasi ndiyo itasema. Akajibu, "Sawa," na walipokata simu akabaki ameshika tama. Hakuogopa kufa, hilo alikwisha lizoea. Aliogopa kitu kimoja: itafika siku bintiye ataingia mlangoni, naye amsalimie kwa adabu kama mgeni. Kabla ya siku hiyo alitaka kuishi naye, hata mwaka mmoja, hata nusu. Alitaka angalau amjue vizuri kabla ya kumsahau.

Siku ya miadi alivaa gauni la kazini, lile la kijivu, na kadi ya hospitali akaishika mkononi njia nzima. Aliingizwa katika chumba chembamba chenye feni na meza ya chuma. Mpimaji alikuwa binti mdogo mwenye miwani mikubwa.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu."

Binti akafungua kabati, akatoa sanduku, akaliweka mezani. Mama Saa aliliona, moyo ukampiga paa! Lilikuwa lilelile. Si linalofanana nalo, la. Ni toleo lilelile, kifuniko kilekile cha kijani, bawaba zilezile za shaba. Nyumbani kwake, juu ya kabati la nguo, kuna moja kama hilo, alilopewa na ofisi siku ya kumuaga, kwa kuwa kitofali chake kimoja kilikuwa kimepasuka.

"Hakuna jingine?" akauliza.

"Ndilo tulilo nalo, Mama. Lina nini?"

"Nimelifungua mara zaidi ya elfu nne. Mimi nilikuwa mpimaji."

"Wee! Kumbe niko na mwalimu wangu!" Binti akafurahi kweli, akavuta fomu. Jina. Tarehe ya kuzaliwa. Mstari wa tatu. "Je, mpimwa amewahi kuona kipimo hiki?"

"Ndiyo," Mama Saa akasema, tena kwa sauti kubwa.

Binti akaweka vema kwenye Ndiyo, akageuza ukurasa. Mama Saa alisubiri aulize zaidi. Hakuuliza. Na hapo hapo, katikati ya chumba kile cha feni, Mama Saa akakumbuka kitu ambacho hakikuwa daftarini, na angeshukuru kama hicho ndicho angesahau.

Alipoanza kazi hakujua kulitumia sanduku. Kitabu cha maelekezo kilisema mpimaji ajizoeze kwa mtu ambaye hatapimwa kamwe. Angempata wapi? Nyumbani kulikuwa na mtoto wa miaka sita. Basi kila jioni baada ya chakula alimkalisha binti yake, wakapanga vitofali, wakarudia tarakimu, mara moja, mara kumi, mara mia. Mtoto alipenda, ulikuwa ndio muda wake na mama. Kila alipomaliza kupanga aliinua kichwa akauliza, "Nimepata, Mama?" Na Mama, kwa kuwa anajizoeza, uso mkavu: "Sawa, tuendelee." Miaka miwili baadaye ilifunguliwa shule ya watoto wenye vichwa, kila mtoto wa umri ule akapimwa, na Mkuu akasema, "Wako pia mpime." Mama Saa alikaa na fomu ya mwanawe. Mstari wa tatu. Aliutazama muda mrefu. Kisha akaandika Hapana.

Ulikuwa uongo wake mmoja kazini, katika miaka thelathini na mmoja. Mtoto alipata zote. Alipelekwa katika shule ile ng'ambo ya mji, kati ya watoto wanaokokotoa vitu hewani, na yeye akawa anasoma mpaka macho yanauma ili asiachwe nyuma. Wenzake walimwita Kichwa, kwa kebehi. Alipokuwa na miaka tisa alisimama mlangoni mwa jikoni akasema, "Mama, mimi sina akili kama wale. Mimi nilikuwa nakumbuka tu." Mama Saa alikuwa anafuta sahani. Alisema, "Sawa, tuendelee kula kwanza." Hawakulizungumza tena.

"Tuanze, Mama?" binti mpimaji akauliza.

Walianza. Mama Saa aliapa moyoni kwamba hatadanganya, si kwa kupata wala kwa kukosa. Lakini kadi ya kwanza ilipowekwa, mikono haikumsubiri. Vitofali vilikaa mahali pake kabla hajaitazama picha sawasawa. Kadi ya pili, ya tatu, ya sita, ile ngumu ambayo huwatoa watoto jasho, mikono ikapita. Tarakimu alizirudia kwa sauti ya mpimaji, akiacha sekunde kati ya moja na nyingine. Maneno ya orodha aliyamaliza kabla hayajasomwa yote. Tarehe alipoulizwa, ilikuwa kwenye kadi ya miadi. Alijisikia kama mtu anayeburutwa na ng'ombe wake mwenyewe.

Kwenye picha ya mlango akataka kunyamaza. Mlango ule umekosa kitasa, kila mtu anaona. Akafikiri: nikinyamaza hapa, na pale, na pale, karatasi itasema nina tatizo, na mwanangu atakuja. Ni kweli nina tatizo! Nitakuwa nimedanganya nini? Lakini alikumbuka watu wazima wachache waliowahi kuletwa ofisini kwake wakijifanya wajinga ili wapate wanachotaka. Wanaojifanya hukosa yaliyo rahisi na kupata yaliyo magumu. Aliwakamata wote, akaandika kwa wino mwekundu pembeni: anajifanya. Binti huyu naye akijua kazi atamkamata, ataandika hivyohivyo. Ulimi ukasema wenyewe, "Kitasa."

"Mama, umetupita wote!" binti alisema alipojumlisha. Akamkumbatia kabisa. "Mimi mwenyewe sifiki hapa. Hongera."

"Mwanangu, umeuona mstari wa tatu?"

"Nimeujaza, Mama. Usiwe na wasiwasi." Daktari alitia sahihi akiwa amesimama, akaitazama namba ya chini tu.

Alipotoka nje Mama Saa alikaa kwenye benchi la ukumbini zaidi ya saa nzima. Waliompita walifikiri anamsubiri mgonjwa. Ukweli ni kwamba alisahau alikuja kwa usafiri gani. Hilo hakuna aliyemuuliza, halimo sandukuni.

Aliipiga picha karatasi, akamtumia bintiye. Simu ikalia papo hapo. "Umeona!" binti alikuwa anacheka, na kicheko kile kilikuwa cha mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. "Una akili kuliko mimi na mume wangu tukiunganishwa. Sasa, Mama, basi. Umeniahidi."

"Nimekuahidi," alisema Mama Saa, kwa sauti yake ya kazini.

Wiki mbili zilizofuata zilikuwa mbaya. Nyumba ilikuwa kimya kiasi kwamba akiweka kijiko mezani anashtuka. Alikuwa na jambo kubwa kuliko yote ya maisha yake na hakuna mtu hata mmoja wa kuliamini, maana alikuwa na karatasi ya serikali inayosema hana. Daftari lilijaa. Aliacha maji ya bafuni yakimwagika. Aliwasalimia majirani mara mbili kwa dakika tano. Siku moja aliipata picha ya marehemu mumewe kwenye droo akajiuliza, huyu bwana mzuri ni nani, na ikachukua muda, ikachukua muda mrefu sana jamani, mpaka sahani ikamrudia. Hapo akaona hapana. Kuna mtu mmoja tu duniani anayejua kupata zote maana yake nini kwa mtu aliyekwisha liona sanduku. Kumwambia huyo, lazima amwambie na lile jingine. Na akimwambia lile jingine huenda asimsikie tena Jumapili yoyote.

Akapiga moyo konde. Alipiga simu Jumatano saa nne asubuhi.

"Mama? Kuna nini?" Binti alikuwa kazini, nyuma yake mashine zinaunguruma.

"Ile karatasi bado unayo? Soma mstari wa tatu."

"Mama, niko..."

"Soma tu, mwanangu."

Binti akasoma polepole, "Je, mpimwa amewahi kuona kipimo hiki. Ndiyo." Mashine ziliendelea kuunguruma. "Ni sanduku lile?"

"Lilelile."

"Kwa hiyo ulikuwa unakumbuka tu."

"Nilikuwa nakumbuka tu."

Binti alivuta pumzi. Sauti yake ilipotoka tena ilikuwa ndogo. "Mama. Na mimi nilipopimwa. Huu mstari ulikuwepo?"

Angeweza kusema hapana, fomu za zamani zilikuwa tofauti. Nani angejua? Fomu zile zilichomwa zamani. "Ulikuwepo," akasema.

"Uliandika nini?"

"Niliandika Hapana."

Alisikia mtu huko akimwita mhandisi, mhandisi. "Niko kazini, Mama," binti akasema, na simu ikakatika.

Jumapili Mama Saa alikaa kando ya simu tangu saa tisa. Saa kumi ikafika. Kumi na nusu. Saa kumi na moja na robo akachukua daftari, akaandika: "Jumapili, saa kumi. Hakupiga." Kwenye safu ya kosa akaandika, "Langu."

Jumamosi iliyofuata, mchana, alikuwa anakunja nguo alizokwisha zikunja asubuhi, mlango ukagongwa. Akafungua. Alisimama mwanamke mnene kidogo, mwenye mkoba begani na vumbi la safari kwenye viatu. Kwa muda wa kupepesa jicho Mama Saa aliogopa. Kisha akamjua. Alimjua!

"Umekuja."

"Nimekuja," binti akasema. Hakumkumbatia. Alipita moja kwa moja chumbani, akapanda juu ya kiti, akashusha sanduku la kijani lililojaa vumbi, akaliweka kwenye meza ya kulia chakula. Wakakaa, huyu upande huu, huyu upande ule, kama zamani, isipokuwa wamebadilishana viti.

"Kwa nini uliandika Hapana?" binti akauliza.

"Nilitaka uwe na akili."

"Nilikuwa nayo, Mama. Nilikuwa na ya kwangu. Hukuipima." Sauti ilimtetemeka kwa hasira. "Miaka thelathini na saba naishi naogopa watu watagundua. Nikisifiwa nasema, mh, hawajui. Nilijua unajua. Nilidhani hukuulizwa tu. Kumbe uliulizwa!"

Mama Saa alitaka kusema kitu kirefu. Kikatoka kimoja. "Nisamehe, mwanangu." Na uso ule ambao maelfu ya watoto hawakuusoma ukamvunjika pale pale mbele ya mtoto wake, mdomo ukapinda, machozi yakashuka mpaka kidevuni, naye hakujua hata namna ya kuuficha, maana hakuwahi kufika huko.

Binti akafungua mkoba, akatoa karatasi kubwa ya michoro ya mabomba, akaigeuza. Nyuma yake alikuwa amechora mraba wa vitofali tisa, mwekundu na mweupe, kwa kalamu na rula. "Nimeuchora ndani ya basi. Haumo kwenye kadi yoyote. Huu hujawahi kuuona."

Mama Saa akajifuta macho ili aone vizuri. Mchoro mpya! Mtoto huyu ndiye aliyeelewa kazi ile kuliko Mkuu, kuliko Mtakwimu, kuliko daktari wa hospitali kubwa. Akavuta vitofali, akaanza.

Mikono ilikimbia, ikapanga. Ikasimama. Alichokipanga kilikuwa kadi ya sita. Akakitazama, akautazama mchoro, akaona havifanani, akabomoa. Akapanga tena, polepole, akinong'ona. Kadi ya sita. Akabomoa. Akageuza kitofali kimoja huku, kimoja kule, akakishika kile kilichopasuka, akakizungusha, akakizungusha, asijue upande wake ni upi. Hakukuwa na saa ya kubonyeza. Jua lilihama kutoka mezani likaenda ukutani. Mwishowe akavisogeza vyote pamoja vikawa kitu, akaondoa mikono.

Akainua kichwa. Uso wa bintiye ulikuwa wazi wote, midomo imebanwa, macho yamejaa.

"Usionyeshe uso," Mama Saa akamnong'oneza. "Unaharibu kipimo."

"Mimi siijui hiyo kazi, Mama."

"Nimepata?"

Swali hilo alilisikia mara nyingi sana maishani mwake, na jibu lake alilijua kwa moyo, maneno mawili tu. Alikaa akilisubiri.

Binti akapitisha mkono juu ya meza, akaushika wa mama yake. "Hapana, Mama," akasema. "Hukupata. Hukupata hata kidogo."

Mama Saa akafumba macho. Kulikuwa na majonzi, nani aseme hakukuwa na majonzi. Lakini kulikuwa na mtu aliyemwambia kweli usoni, na mtu huyo yuko naye mezani. Alihema kama mtu aliyefika.

"Jumatatu tunaondoka," binti akasema. "Leo tupange nguo. Bado nina hasira na wewe, ujue. Utanisikia nayo huko."

"Nikusikie nayo kila siku," Mama Saa akasema. "Nisipokumbuka, nianzishie upya." Akalivuta daftari, afungue ukurasa, aandike kosa la leo na saa yake. Akapapasa mezani, akainua sanduku, akachungulia chini ya kiti. "Kalamu yangu iko wapi?"

"Iko mkononi mwako, Mama."

Akautazama mkono wake wa pili. Kweli, ilikuwepo. Akaikabidhi kalamu kwa bintiye na daftari pia, akamwonyesha safu ya kosa ilipo, na binti akaandika.